Visiwa vya Komoro: Jirani Zetu Waliozaliwa na Moto

Watu wengi wa Kenya wamekwisha kuyasikia majina ya Unguja, Pemba na Mafia, na wengine wamefika huko kwa jahazi au kwa ndege. Lakini ukiwauliza habari za visiwa vilivyo mbele zaidi upande wa kusini, katika bahari iliyo kati ya Msumbiji na Bukini, ambayo siku hizi huitwa Madagaska, ni wachache watakaoweza kukujibu. Hata hivyo visiwa hivyo si vigeni kwetu. Kwa mamia ya miaka majahazi yamekwenda na kurudi kati ya huko na pwani yetu, yakichukua bidhaa, wanazuoni na jamaa za watu. Na katika Mombasa, Lamu na Unguja ziko nyumba ambazo watu wake huitwa Wangazija mpaka leo.

Katika makala hii tunataka kueleza visiwa hivyo ni vya namna gani, jinsi vilivyotokea baharini, mambo gani msafiri aweza kuyaona huko, na mambo gani yampasa kuyajua kabla hajafunga mizigo yake.

VISIWA VINNE

Visiwa vya Komoro ni vinne, navyo vimejipanga kama shanga katika uzi kutoka magharibi kwenda mashariki. Cha kwanza, kilicho karibu zaidi na bara la Afrika, ni Ngazija, nacho ndicho kikubwa kuliko vyote. Urefu wake ni kama kilomita 60, na mji wake mkubwa ni Moroni. Cha pili ni Mwali, kisiwa kidogo kuliko vyote, na mji wake ni Fomboni. Cha tatu ni Nzwani, chenye milima mikali na mabonde marefu, na mji wake ni Mutsamudu. Cha nne ni Maore, ambacho Wafaransa hukiita Mayotte.

Kutoka Dar es Salaam mpaka Moroni ni karibu kilomita 700 kwa mstari ulionyoka, na kutoka Mombasa ni zaidi ya kilomita 900. Jina la Komoro husemwa kuwa latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mwezi.

Visiwa vyote vinne vilikuwa chini ya Ufaransa. Tarehe 6 Julai 1975 Ngazija, Mwali na Nzwani vilipata uhuru, na leo ni nchi moja iitwayo Muungano wa Komoro. Watu wa Maore walipiga kura wabaki na Ufaransa, na tangu mwaka 2011 kisiwa hicho ni mkoa kamili wa Ufaransa, ijapokuwa serikali ya Komoro haijaacha kukidai. Jambo hili msafiri hana budi kulikumbuka, kwa maana ruhusa ya kuingia Moroni si ruhusa ya kuingia Maore.

JINSI VISIWA VILIVYOTOKEA

Unguja ni kisiwa cha mawe ya matumbawe, yaani mawe yaliyojengwa na viumbe wadogo wa baharini. Visiwa vya Komoro havikufanyika hivyo. Kila kimoja ni kilele cha mlima wa moto ambao shina lake li chini kabisa katika sakafu ya bahari. Mawe yaliyoyeyuka kwa moto wa ndani ya dunia yalipenya katika nyufa, yakamwagika chini ya maji, yakapoa na kuwa magumu. Kisha yakamwagika mengine juu yake, na mengine tena, kwa muda wa mamilioni ya miaka, mpaka kilele kikatokeza juu ya mawimbi.

Mlima wa moto ukiisha kulala, mvua na mawimbi huanza kuula. Kwa hiyo mtu akivitazama visiwa hivi kwa zamu, ni kama amtazamaye mtoto, kijana na mzee. Ngazija ni mtoto: mawe yake bado ni meusi na makali, na mlima wake ungali ukitoa moto. Nzwani na Mwali ni vya makamo: mvua imekwisha kuchimba mabonde na kufanya udongo mzuri wa kulima. Maore ni mzee: milima yake imeshuka, ule mrefu kuliko yote haufiki mita 700, na matumbawe yamejenga ukuta mpana baharini kukizunguka kisiwa. Kati ya ukuta huo na nchi kavu kuna maji matulivu yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,000.

Watu walidhani ya kuwa mzee huyo amekwisha kulala moja kwa moja. Lakini mwezi wa Mei 2018 ardhi ya Maore ilianza kutetemeka, nayo ikaendelea kutetemeka kwa miezi mingi, na kisiwa chenyewe kikadidimia kwa zaidi ya sentimita 10. Mwaka 2019 wataalamu waliokuwa katika meli ya uchunguzi walipima sakafu ya bahari umbali wa kama kilomita 50 mashariki ya kisiwa, wakakuta mlima mpya wa moto wenye kimo cha karibu mita 800, mahali ambapo zamani palikuwa tambarare. Mlima huo ulipewa jina la Fani Maoré. Kilele chake bado ki mbali sana chini ya maji, wala hapana mtu atakayekiona kwa macho. Lakini umetufundisha ya kuwa kazi ya kujenga visiwa hivi haijaisha.

MLIMA WA KARTHALA

Fahari ya Ngazija ni mlima Karthala, wenye kimo cha mita 2,361. Msomaji wa Kenya aweza kusema, "Mbona Longonot ni mrefu kuliko huo?" Ni kweli, kwa kuwa Longonot hufika mita 2,776. Lakini apandaye Longonot huanza safari yake akiwa amekwisha kuwa juu sana katika Bonde la Ufa. Karthala huinuka kutoka baharini penyewe, na apandaye huanzia vijiji vilivyo chini, akapita mashamba ya migomba, kisha msitu mnene wenye ukungu, kisha vichaka vifupi, ndipo afike kwenye mawe matupu. Wengine hupanda na kushuka siku moja, nao hurudi wamechoka sana. Wengine hulala mlimani usiku mmoja.

Juu hapana ncha kali kama za mlima Kenya. Kuna shimo kubwa lenye upana wa kilomita tatu kwa nne, lililofanyika mlima ulipojiangukia ndani, kama vile Menengai ilivyofanyika karibu na Nakuru. Ndani ya shimo hilo kuna mashimo mengine, na mahali pengine mvuke hutoka katika nyufa.

Karthala ni mmoja wa milima ya moto iliyo hai sana duniani. Tangu karne ya 19 umelipuka zaidi ya mara 20. Mwaka 1903 hewa yenye sumu iliyotoka mlimani iliua watu 17. Mwaka 1977 ardhi ilipasuka kwenye ubavu wa kusini-magharibi, na mto wa mawe ya moto ukapita katika kijiji cha Singani na kuteketeza nyumba. Ulipopoa, watu walirudi wakajenga tena mahali pale pale. Mgeni hushangaa kusikia hayo, lakini mwenyeji huuliza: Kaburi la babu yangu li hapa, shamba la mama yangu li hapa, nami niende wapi?

MAJI NDIYO MATATA MAKUBWA

Ngazija hupata mvua nyingi, tena nyingi sana, lakini haina mto hata mmoja utiririkao mwaka mzima. Sababu yake ni mawe yale yale. Mawe ya moto yakipoa huwa na matundu na nyufa nyingi, basi mvua ikinyesha maji hupenya mara moja na kupotea chini. Kwa hiyo tangu zamani watu wa kisiwa hicho wamejenga mabirika makubwa karibu na nyumba na misikiti, ili kuyaweka maji yatokayo mapaani.

Mwezi wa Novemba 2005 Karthala ulitoa majivu mengi, yakaenea juu ya vijiji na kuanguka ndani ya mabirika. Maji ya kunywa ya watu zaidi ya laki moja yakaharibika, ikawa lazima yaletwe maji kutoka mahali pengine. Basi msafiri akiona ndoo ya maji imewekwa chumbani mwake, na ajue ya kuwa ndoo hiyo si kitu kidogo. Mgeni amwagaye maji ovyo katika Ngazija huyamwaga maji ya mwenyeji wake.

Katika Nzwani shida ni ya namna nyingine. Kisiwa hicho kilikuwa na mito mingi, lakini watu ni wengi na ardhi ni ndogo, na misitu ya milimani imekatwa ili kupata mashamba na kuni. Mito mingi iliyotiririka mwaka mzima sasa hukauka wakati wa kiangazi.

WATU, LUGHA NA MIJI

Mtu wa pwani yetu akifika Moroni hatajiona mgeni kabisa. Atakuta mji wa kale wenye vichochoro vyembamba, milango ya mbao iliyonakshiwa, baraza za mawe ambapo wazee hukaa wakizungumza, na ule Msikiti wa Ijumaa wa zamani ulio karibu na bandari, ambao asili yake ni ya mwaka 1427. Atakuta wanaume wamevaa kanzu na kofia, na katika Nzwani atawaona wanawake wamejitanda nguo nyekundu na nyeupe iitwayo shiromani. Mkate wa sinia uliwao huko umefanana na ule wa Mombasa.

Lugha yao ni ndugu ya Kiswahili. Mbili ni mbili, na nne ni nne, ila tatu ni ndraru. Lakini ndugu hawa wawili wakati mwingine hudanganyana: ukimpa mtu kitu, atakujibu "Marahaba," si kwa kuwa umemwamkia shikamoo, bali kwa kuwa huko neno hilo ndilo la kushukuru. Kiarabu na Kifaransa pia ni lugha za serikali, na asiyejua Kifaransa atapata taabu kidogo katika ofisi. Sokoni Kiswahili cha polepole kitamsaidia.

Udugu huu umetufaidia sisi pia. Habib Swaleh, aliyeanzisha Msikiti wa Riyadha katika Lamu, alitoka Ngazija. Na kila mwaka maelfu ya watu hukusanyika Lamu kwa Maulidi yaliyopata sifa kwa sababu yake. Sheikh Ahmad bin Sumait, kadhi mashuhuri wa Unguja aliyefariki mwaka 1925, alizaliwa Ngazija pia.

Mila moja yafaa itajwe. Katika Ngazija mwanamume hahesabiwi kuwa mkubwa wa mji kwa umri wake tu, wala kwa elimu yake. Sharti afanye ile arusi kubwa ya ada, yenye karamu nyingi, ng'ombe na dhahabu, ambayo huenda akaiwekea fedha kwa miaka mingi akiwa kazini ng'ambo. Asiyeifanya, hata akiwa na mvi, husimama nyuma ya aliyeifanya. Na nyumba ni mali ya mwanamke. Mume ndiye ahamiaye kwa mkewe. Wako vijana wa huko wasemao ya kuwa fedha nyingi mno hupotea katika karamu hizo, na wako wazee wajibuo ya kuwa bila ada hapana mji. Mgeni aendaye mwezi wa Julai au Agosti, watu wa ng'ambo wanaporudi nyumbani, aweza kuziona arusi hizo mwenyewe.

SAMAKI ALIYEDHANIWA KUWA AMETOWEKA

Jina la Komoro lilipata kuvuma duniani kwa ajili ya samaki. Mwaka 1938 huko Afrika ya Kusini alipatikana samaki wa ajabu, mwenye mapezi kama miguu mifupi, aitwaye silakanti. Wataalamu walikuwa wakimjua kwa alama zake katika mawe tu, nao walidhani ametoweka duniani kwa zaidi ya miaka milioni 60. Profesa J. L. B. Smith akatoa karatasi zenye picha yake na kuahidi zawadi ya pauni 100 kwa atakayempata mwingine. Nahodha mmoja, Eric Hunt, alizipata karatasi hizo Unguja, akazipeleka Komoro. Mwezi wa Desemba 1952 mvuvi wa Nzwani akampata samaki huyo, na Smith akaja kumchukua kwa ndege ya jeshi.

Lakini kwa wavuvi wa Komoro hiyo haikuwa habari mpya. Walikuwa wakimjua tangu zamani kwa jina la gombessa, wala hawakumthamini, kwa kuwa nyama yake si nzuri. Baadaye wataalamu walioshuka kwa chombo cha kuzamia waligundua mambo zaidi. Waliona ya kuwa samaki hawa hukaa mchana katika mapango ya kilindini, yaliyofanywa na mawe ya moto wa Karthala. Mwaka 2001 mmoja alinaswa hata katika bahari ya Kenya, karibu na Malindi.

KASA, POPO NA MALANGILANGI

Atakaye kutulia na aende Mwali. Bahari ya upande wa kusini imehifadhiwa tangu mwaka 2001, na mwaka 2020 kisiwa hicho kiliingizwa na UNESCO katika orodha ya mahali pa kutunza viumbe. Katika kijiji cha Itsamia kasa hupanda pwani usiku kutaga mayai, na wanakijiji wenyewe ndio walinzi wao na ndio wawaongozao wageni. Zamani kasa hao walichinjwa kwa wingi. Kasa aliyechinjwa huleta fedha mara moja. Kasa aliye hai huleta mgeni kila mwaka. Hesabu hiyo wanakijiji wameifahamu, lakini itakuwa kweli ikiwa wageni waja, na ikiwa fedha zao zafika kijijini.

Katika misitu ya Mwali na Nzwani huishi popo mweusi aitwaye kwa jina la Livingstone, ambaye mabawa yake yakinyoshwa hufika karibu mita moja na nusu. Hapatikani mahali pengine po pote duniani, na misitu ikiisha, naye ataisha.

Nzwani ni nchi ya karafuu na malangilangi. Komoro ni mashuhuri ulimwenguni kwa mafuta ya maua hayo, ambayo hutumika kutengenezea manukato. Maua huchumwa asubuhi mapema na kutiwa katika mitungi ya kuchemshia siku hiyo hiyo. Harufu yake njiani ni tamu. Lakini mitungi huchemshwa kwa kuni, na kuni hutoka katika misitu ile ile iliyokuwa ikilinda mito.

MSAFIRI AJUE MAMBO HAYA

Wakati mzuri wa kwenda ni majira ya kusi, tangu Mei hata Oktoba, kwa maana hali ya hewa ni kavu na baridi kidogo. Tangu Novemba hata Aprili ni joto na mvua, na tufani huweza kutokea. Tufani iitwayo Kenneth ilipita karibu na Ngazija mwezi wa Aprili 2019, na nyingine iitwayo Chido iliharibu sana Maore mwezi wa Desemba 2024.

Apandaye Karthala asiende pasipo kiongozi wa kijijini, na achukue maji ya kumtosha safari yote, kwa kuwa juu hapana kisima. Aulize kwanza kama mlima umetulia. Ukungu ukishuka njia hupotea mara moja.

Fedha ya huko ni faranga ya Komoro. Na achukue fedha taslimu. Hoteli ni chache na umeme hukatika. Yafaa aulize ofisi ya afya habari za chanjo na kinga ya malaria. Karibu watu wote ni Waislamu. Basi na avae kwa heshima mjini, na asile hadharani mchana wa Ramadhani.

La mwisho ni zito. Kati ya kisiwa na kisiwa asikubali kupanda mashua iliyojaa kupita kiasi au isiyo na vyombo vya kujiokolea. Kati ya Nzwani na Maore ni kama kilomita 70 tu. Tangu mwaka 1995, Ufaransa ilipowawekea watu wa Komoro sharti la ruhusa ya kuingia Maore, watu wengi wamezama humo wakivuka kwa siri usiku katika mashua ndogo, wakitafuta kazi, hospitali au jamaa zao. Bahari ile ile nzuri aitazamayo mgeni kutoka pwani ni kaburi la watu wengi.

MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Wazee wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hiyo ndiyo kipimo cha safari ya Komoro. Sensa ya mwaka 2017 ilihesabu watu zaidi ya 750,000 katika visiwa vitatu vya Muungano, na wengi wao hawana kazi ya mshahara. Mgeni amchukuaye kiongozi wa kijiji, alalaye katika nyumba ya mwenyeji, anunuaye karafuu na vanila mkononi mwa mkulima, na atumiaye maji kwa kiasi, huacha nyuma yake sababu ya kuutunza msitu na kumlinda kasa. Mgeni ajaye kupiga picha tu na kutumia maji ya birika, huyo hakumponya mtu.

Kwa watu wa nchi yetu safari hiyo si ya mbali sana. Ndege huruka kutoka Nairobi na Dar es Salaam, na uwanja wa kutua ni Hahaya, kaskazini ya Moroni. Atakayetazama dirishani saa ile ndege ishukapo ataona kwanza wingu, kisha ubavu mweusi wa Karthala ukiteremka mpaka majini, na michirizi ya mawe ya moto ya zamani iliyokatiza kati ya minazi. Na kati ya michirizi hiyo ataona mapaa ya vijiji, na kando ya kila paa birika la maji.